Jua Likilipuka, Elektroni Zilizo Juu Yetu Huongezeka au Hupungua?

Ijumaa ya tarehe 10 Mei 2024 ilikuwa siku ya mapumziko kote Kenya. Serikali ilikuwa imeitenga kwa upandaji miti na kuwakumbuka waliofariki katika mafuriko, na katika Kaunti ya Nakuru msiba wa Mai Mahiu wa tarehe 29 Aprili ulikuwa bado mbichi. Mwendo wa saa mbili usiku, wingu la kwanza kati ya mawingu kadhaa ya gesi yenye chaji yaliyorushwa na jua likaigonga kinga ya sumaku ya dunia. Ikazuka dhoruba ya sumaku ya daraja la G5, ambalo ndilo la juu kabisa. Dhoruba ya daraja hilo haikuwa imeonekana tangu Oktoba 2003. Jumapili, tarehe 12, intaneti ikayumba Kenya, Tanzania na Uganda.

Ilikuwa rahisi kuyaunganisha mambo hayo mawili. Ukweli ni kwamba kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na Durban, Afrika Kusini, na zilihitaji meli ya mafundi kwenda kuziunganisha. Data ndani ya kebo hizo husafiri kama mwanga, na mwanga hausumbuliwi na dhoruba ya sumaku. Vikuza mawimbi vilivyo chini ya bahari hutumia umeme, na wahandisi wanayo haki ya kujiuliza dhoruba kubwa zaidi ingevifanya nini, lakini kilichotokea Mei 2024 kilikuwa kebo kukatika. Kwa miaka mingi pia umezunguka katika WhatsApp ujumbe unaodai kwamba NASA na BBC wameonya kuhusu miale itakayopita karibu na dunia usiku wa manane, kwa hiyo kila mtu azime simu na asilale nayo karibu. Ujumbe huo hauna ukweli wowote, ila kila jua linapotajwa katika habari huonekana kuaminika tena.

Chini ya kelele hizo kuna swali la kweli lisilopewa nafasi: dhoruba kama ile huzifanya nini elektroni zenye nishati kubwa zinazoizunguka dunia? Kwa ufupi, mlipuko mkubwa waweza kuziongeza maradufu, kuzifagia, au kuziacha zilivyokuwa, na ukubwa wa mlipuko peke yake hautuambii lipi kati ya hayo litatokea. Hoja hiyo inahitaji kuelezwa kwa utaratibu, kwa sababu maamuzi ya fedha nyingi, yakiwemo ya Kenya, yanategemea kuielewa.

Matukio manne yanayotiwa katika kapu moja

Mchanganyiko mwingi hutokana na kuita kila kitu "mlipuko wa jua". Kwanza kuna mmweko wenyewe, yaani mwanga na mionzi ya eksirei, ambao hutufikia kwa dakika nane. Huathiri upande wa dunia ulio mchana. Kwetu sisi wa ikweta, jua la adhuhuri likiwa utosini, redio za masafa mafupi zinazotumiwa na ndege na meli huweza kufifia kwa dakika kadhaa au hata saa nzima. Pili, protoni zenye kasi hufika baadaye kidogo na huwahangaisha zaidi wanaanga na setilaiti.

Tatu, na hili ndilo linalozaa dhoruba ya sumaku, jua huweza kutupa wingu zito la plazima linalochukua siku moja hadi nne kutufikia. Wingu hilo hutikisa uga wa sumaku wa dunia, na mtikisiko huo huzalisha mikondo ya umeme katika nyaya ndefu. Tarehe 13 Machi 1989 mkoa wa Quebec, Kanada, ulikosa umeme kwa takribani saa tisa na watu milioni sita wakaachwa gizani. Dhoruba hupasha joto pia hewa ya juu kabisa, ikatanuka na kuzivuta chini setilaiti za karibu. Februari 2022 kampuni ya Starlink ilipoteza setilaiti 38 kati ya 49 ilizokuwa imezirusha karibuni. Juu ya ikweta, ionosfia huvurugika na vipimo vya GPS hupoteza usahihi.

Nne ni elektroni, ambazo ndizo mada yetu. Tofauti na protoni za hapo juu, kwa sehemu kubwa hazifiki zikiwa na nishati hiyo kutoka juani. Jua huleta msukumo. Elektroni hupandishwa nishati hapa hapa, ndani ya kinga ya sumaku ya dunia. Ndiyo maana athari yake huchelewa, na ndiyo maana mabishano kuhusu chanzo chake yameendelea kwa zaidi ya miaka hamsini.

Mikanda iliyo juu ya ikweta

Mwaka 1958 James Van Allen na wenzake, wakitumia vipimo vya Explorer 1 na Explorer 3, waligundua kwamba dunia imezungukwa na mikanda ya chembe zilizonaswa na sumaku. Mkanda wa ndani umejaa protoni za nishati kubwa na hubadilika polepole. Mkanda wa nje, kuanzia kama kilomita 13,000 juu ya ikweta hadi kupita kilomita 35,000, ni wa elektroni na hubadilika sana. Katikati kuna pengo ambalo kwa kawaida halina kitu kikubwa.

Elektroni yenye nishati ya elektronivolti milioni moja huenda kwa asilimia 94 ya kasi ya mwanga. Huuzunguka mstari wa uga wa sumaku mara maelfu kwa sekunde. Wakati huohuo hudunda kati ya kaskazini na kusini, na kila safari ya kwenda na kurudi huchukua chini ya sekunde moja. Pamoja na hayo yote huelea kuelekea mashariki, ikiizunguka dunia nzima kwa takribani dakika kumi ikiwa kwenye kimo cha setilaiti za mawasiliano.

Jiografia yetu hapa ni ya pekee. Mistari ya uga inayopita katika mkanda wa nje huteremka na kuigusa dunia mbali sana na sisi, kwenye latitudo za sumaku kati ya 55 na 65: Kanada, Skandinavia, bahari za kusini. Elektroni zinazomwagika kutoka mkandani huangukia huko. Juu ya Bonde la Ufa zinapita tu, katika kimo ambacho hakuna chembe hata moja itakayomfikia aliyelala kitandani mwake katika mtaa wa Milimani, Nakuru. Kuzima simu hakumsaidii mtu, kwa kuwa hakuna cha kumkinga.

Kinachohitaji kinga kiko juu zaidi. Mji wa Nakuru uko karibu kabisa na nyuzi 36 mashariki na chini kidogo ya ikweta, na katika nyuzi 36 mashariki, kilomita 35,786 juu, kuna kituo cha setilaiti za runinga. Dishi lililoelekezwa kwa setilaiti hiyo kutoka paa la Milimani hulala chali, likitazama juu wima. Setilaiti hiyo inaishi ndani ya ukingo wa nje wa mkanda wa elektroni, mchana na usiku, mwaka baada ya mwaka. Kituo cha Longonot, kilichofunguliwa mwaka 1970 katika kaunti hiihii ili kuiunganisha Afrika Mashariki na dunia kwa setilaiti, kilitegemea vyombo vilivyoishi katika eneo lilelile.

Ngomeni, Novemba 1971

Wengi wanaijua Uhuru, setilaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za angani, iliyorushwa kutoka jukwaa la San Marco pale Ngomeni, karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya. Chini ya mwaka mmoja baadaye, tarehe 15 Novemba 1971, roketi ya Scout iliondoka kwenye jukwaa hilohilo na chombo kidogo ambacho kwa mada hii kina uzito zaidi: Explorer 45.

Explorer 45 ilitengenezwa mahsusi kuchunguza dhoruba za sumaku. Obiti yake ilikuwa karibu kabisa na ikweta, mwinamo wa nyuzi 3.6 tu, ikishuka hadi kilomita 220 na kupanda hadi takribani kilomita 27,000, kwa mzunguko wa chini ya saa nane. Ilikuwa inapenya mkanda wa ndani, pengo, na sehemu kubwa ya mkanda wa nje mara kadhaa kila siku.

Kwa nini ikweta? Elektroni nyingi hudunda karibu na ikweta ya sumaku bila kwenda mbali kaskazini wala kusini. Setilaiti inayopita juu ya ncha za dunia katika kimo kidogo huziona zile tu zinazoteremka chini sana, ambazo ni sehemu ndogo ya zote. Anayetaka kuhesabu elektroni zote lazima awe karibu na ikweta, na mahali rahisi pa kurushia chombo cha namna hiyo ni ikweta yenyewe. Pwani ya Ngomeni ilikuwa na faida ambayo Florida haikuwa nayo.

Vipimo vya Explorer 45 vilionyesha dhoruba ikilijaza pengo kwa elektroni za elektronivolti elfu 35 hadi elfu 560, kisha pengo likijitokeza tena polepole katika siku zilizofuata, kwa namna iliyolingana na nadharia kwamba mawimbi ya redio ya asili yaliyomo ndani ya kinga ya sumaku huzitawanya elektroni na kuzimwaga katika hewa. Chombo hicho kilinasa pia, karibu na ikweta, mawimbi ya masafa ya chini sana yakizuka pamoja na elektroni mpya zilizoingizwa na dhoruba. Wakati huo ilikuwa taarifa ya kupendeza ya kitaalamu. Miaka thelathini baadaye ikawa kiini cha mabishano yote.

Dhoruba 276

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba dhoruba kubwa huleta elektroni nyingi. Mwaka 2003 Geoff Reeves na wenzake wa maabara ya Los Alamos walichapisha hesabu ya dhoruba 276 zilizotokea kati ya 1989 na 2000. Karibu nusu ya dhoruba hizo ziliongeza elektroni za mkanda wa nje. Zaidi kidogo ya robo hazikuleta mabadiliko ya maana. Zilizobaki, karibu moja kati ya tano, zilizipunguza. Ukali wa dhoruba haukutabiri matokeo. Mbili zenye ukali sawa ziliweza kuishia pande zilizopingana.

Tulio Nakuru tuna mfano mzuri wa kulielewa hili katika ziwa letu. Ziwa Nakuru halina mto unaotoka. Kina chake hutokana na maji yanayoletwa na mito kama Njoro, Makalia na Nderit, kikipunguzwa na yale yanayopotea juani, na mvua moja kubwa haitoshi kukuambia ziwa litakuwa wapi mwezi ujao. Mkanda wa elektroni nao ni tofauti kati ya zinazoingia na zinazopotea, na dhoruba huchochea yote mawili kwa wakati mmoja.

Kitu kimoja kilijitokeza kuwa kiashiria bora kuliko ukali: kasi ya upepo wa jua, yaani mkondo wa chembe zinazotoka juani. Tangu mwaka 1979 Paulikas na Blake walikuwa wameonyesha kwamba upepo wa kasi hufuatwa na elektroni nyingi kwenye kimo cha setilaiti za mawasiliano. Upepo wa namna hiyo mara nyingi hutoka kwenye mashimo ya korona, tabaka la nje la jua, bila mlipuko wowote. Kwa hiyo jua linaloonekana tulivu laweza kujaza mkanda, na jua lililolipuka kwa kishindo laweza kuufagia. Hili ndilo jambo ambalo vichwa vya habari hukosea karibu kila mara.

Hoja ya kwanza: zinasukumwa kutoka nje

Maelezo ya zamani zaidi kuhusu zinakotoka elektroni husema hivi. Upepo wa jua ukiipiga kinga ya sumaku, huifanya itikisike kwa mawimbi mapana ya polepole, yanayochukua dakika kadhaa kwa mtikisiko mmoja. Muda huo unakaribiana na ule wa elektroni kuizunguka dunia. Elektroni inayokwenda sambamba na wimbi husogezwa ndani au nje kidogo kidogo. Inayosogea ndani huingia katika uga mkali zaidi, na kwa sheria za mwendo wake hupata nishati.

Nguvu ya maelezo haya ni kwamba yanaunganisha moja kwa moja kasi ya upepo, mtikisiko unaopimwa hata kwa vifaa vya ardhini, na ongezeko la elektroni. Yanaeleza pia jinsi zinavyosambaa hadi karibu na dunia. Udhaifu wake ni wa kimantiki: ili msukumo huo ujaze mkanda, lazima kuwe na akiba kubwa zaidi upande wa nje. Wakati wa dhoruba, ukingo wa nje ndio unaokuwa mtupu. Tena katika dhoruba kadhaa ongezeko limetokea kwa kasi ambayo msukumo wa polepole hauwezi kuifikia.

Kuna aina ya haraka ya msukumo huu. Tarehe 24 Machi 1991 wimbi la mshtuko kutoka juani liliunda mkanda mpya wa elektroni za zaidi ya elektronivolti milioni 13 ndani ya dakika chache, mbele ya vipimo vya setilaiti ya CRRES. Tukio la namna hiyo ni adimu mno, haliwezi kubeba maelezo ya kila siku.

Hoja ya pili: zinapandishwa nishati papo hapo

Wapinzani, wakiwemo Richard Horne na Richard Thorne, walielekeza macho kwenye mawimbi yaleyale ya masafa ya chini sana, hasa yale yaitwayo mawimbi ya kwaya. Katika dhoruba, elektroni za nishati ya kati huingizwa kutoka mkia wa kinga ya sumaku, upande wa usiku. Elektroni hizo huzalisha mawimbi ya kwaya, na mawimbi hayo huzipa nishati elektroni nyingine chache, ambazo hupanda hadi mamilioni ya elektronivolti bila kuhama mahali.

Tofauti kati ya hoja hizi mbili inapimika. Zikitoka nje, wingi wake (baada ya kuondoa athari ya mabadiliko ya uga) utakuwa mkubwa zaidi nje na kupungua kuelekea ndani. Zikizaliwa ndani, kutakuwa na kilele katikati ya mkanda, na kilele hicho kitakua mahali pake. Ili kukipata kilele hicho unahitaji chombo kinachopita katikati ya mkanda karibu na ikweta, mara kwa mara. Baada ya CRRES kunyamaza mwishoni mwa 1991, chombo cha namna hiyo chenye vifaa kamili hakikupatikana hadi tarehe 30 Agosti 2012, setilaiti pacha za Van Allen Probes ziliporushwa.

Jibu halikuchelewa. Katika dhoruba ya Oktoba 2012 kilele kilionekana ndani ya mkanda na kikakua hapohapo kwa saa chache. Reeves na wenzake walilitangaza hilo mwaka 2013, na tangu hapo uzito wa ushahidi umeegemea upande wa mawimbi ya kwaya.

Hoja hii ina mapungufu yake. Mawimbi hayahaya ya kwaya humwaga elektroni nyingine hewani, kwa hiyo mtu hawezi kuyahesabu kama faida tupu. Yanahitaji elektroni za mbegu kutoka mkiani. Zikikosekana, hakuna kinachopandishwa. Kisha kuna mzozo ambao bado ni moto: je, yanatosha kufikisha elektroni kwenye elektronivolti milioni saba na zaidi? Kundi moja linasema mawimbi huzifikisha hadi milioni mbili tatu, kisha msukumo wa kuelekea ndani humalizia. Hayley Allison na Yuri Shprits walionyesha mwaka 2020 kwamba kwaya peke yake yaweza kufika huko, pale tu msongamano wa plazima unaposhuka sana.

Zinapotelea wapi?

Sehemu hii husahaulika, ingawa ndiyo inayoamua mara nyingi kama ile ya kwanza. Mwanzoni mwa dhoruba elektroni za mkanda wa nje huweza kutoweka ndani ya saa chache. Sehemu ya kutoweka huko ni ya kuonekana tu: uga ukidhoofika, elektroni husogea nje na kupoteza nishati, kisha hurudi dhoruba ikitulia. Zile zinazopotea kweli zina njia mbili.

Njia ya kwanza ni ya kutokea nje. Wingu la plazima hubana ukuta wa kinga ya sumaku, ambao upande wa mchana kwa kawaida uko umbali wa mara kumi ya nusu-kipenyo cha dunia, hadi ukaingia ndani ya kimo cha setilaiti za mawasiliano. Elektroni zilizokuwa zikizunguka hapo hukuta ukuta na kutokomea katika upepo wa jua. Mwaka 2012 Drew Turner na wenzake, wakitumia setilaiti nyingi kwa pamoja katika dhoruba ya Januari 2011, walionyesha kwamba nyingi ziliondoka kwa njia hii, na chache mno zilianguka hewani.

Njia ya pili ni ya kuteremka. Mawimbi yanayozalishwa na ioni hugeuza mwelekeo wa elektroni zenye nishati kubwa zaidi hadi zikatumbukia katika hewa ya latitudo za juu. Maputo yaliyorushwa Antaktika mwaka 2013 na 2014 yalipima eksirei za mmwago huo. Udhaifu wa maelezo haya ni kwamba mawimbi ya ioni hayazigusi vizuri elektroni zinazodunda karibu kabisa na ikweta. Lazima yasaidiwe na mawimbi mengine. Kwangu mimi ushahidi unaonyesha mgawanyo wa kazi: ukuta hufagia sehemu ya nje ya mkanda bila kuchagua nishati, na mawimbi ya ioni hukata ndani zaidi, yakichagua elektroni za nishati kubwa sana.

Septemba 2012 mgawanyo huo ulionekana waziwazi. Van Allen Probes zilikuta mkanda wa tatu: masalia ya mkanda wa nje yaliyobaki baada ya sehemu yake ya nje kufagiliwa, huku mkanda mpya ukijijenga nje yake. Masalia hayo yalidumu kwa takribani wiki nne, hadi wimbi jingine la mshtuko lilipoyafuta.

Roketi moja, abiria wawili

Tarehe 15 Aprili 2023 roketi ya Falcon 9 iliondoka Vandenberg, California, ikiwa na Taifa-1, setilaiti ya kwanza ya Kenya ya kupiga picha za dunia. Katika shehena hiyohiyo kulikuwa na chombo kidogo kiitwacho CIRBE, cha Chuo Kikuu cha Colorado, kilichobeba kifaa cha kupima elektroni za mikanda. CIRBE ilinyamaza katikati ya Aprili 2024, wiki tatu na ushei kabla ya dhoruba kubwa, ikaamka katikati ya Juni.

Ilipoamka ilikuta mkanda wa elektroni ambao haukuwapo awali, wa elektronivolti milioni 1.3 hadi milioni 5, umekaa katika eneo ambalo kwa kawaida ni pengo. Ndani zaidi kulikuwa na mkanda mwingine mpya, wenye protoni za elektronivolti milioni 6.8 hadi milioni 20. Xinlin Li na wenzake walichapisha matokeo mwaka 2025. Mkanda ule wa elektroni ulidumu zaidi ya miezi mitatu, muda mrefu kuliko masalia ya 2012, ingawa dhoruba za Juni na Agosti ziliupunguza sana. Oktoba 2024 CIRBE iliungua hewani. Obiti yake ilikuwa imeshushwa na hewa iliyotanuliwa na dhoruba zilezile ilizokuwa ikizichunguza.

Matokeo haya yana maana mbili kwa mabishano yetu. Kwanza, dhoruba kali kupita kiasi huzisogeza elektroni karibu na dunia, zikaingia mahali ambapo mawimbi ya kuzitawanya ni dhaifu kwa nishati hizo, na hapo hudumu. Ukali wa dhoruba, ambao katika mkanda wa nje hautabiri kitu, kumbe una neno kubwa la kusema kuhusu pengo. Pili, chombo kinachopanda kwenda kwenye kimo cha mawasiliano polepole, kwa injini za umeme, hulivuka pengo hilo kwa wiki au miezi. Mmiliki aliyepanga safari yake kwa ramani ya kabla ya Mei 2024 angepita katika mionzi asiyoitarajia.

Setilaiti zinapokufa, nani alaumiwe?

Elektroni za mamilioni ya elektronivolti hupenya milimita kadhaa za alumini na kujilimbikiza ndani ya plastiki na vihami vingine. Chaji ikizidi, cheche hupasuka ndani ya mitambo. Tarehe 20 Januari 1994 setilaiti mbili za Kanada, Anik E1 na E2, zilipoteza mwelekeo kwa kupishana saa chache, baada ya siku kadhaa za elektroni nyingi zilizoletwa na upepo wa kasi. E1 ilirudi mapema. E2 ilichukua miezi. Hakukuwa na mlipuko mkubwa wa jua wa kulaumiwa.

Si kila kifo kina jibu safi namna hiyo. Galaxy 4 ilipozimika tarehe 19 Mei 1998 na kukata huduma za peja za mamilioni ya Wamarekani, Daniel Baker na wenzake walionyesha kwamba elektroni zilikuwa nyingi wakati huo. Wahandisi walitaja sababu nyingine: vinyweleo vya bati vilivyoota na kufupisha sakiti. Sababu zote mbili zinawezekana, na kampuni hazina hamu ya kuchapisha ripoti zao za ndani. Galaxy 15, iliyoacha kutii amri tarehe 5 Aprili 2010 na kuelea hadi Desemba, ilidhaniwa kuathiriwa na dhoruba ya ukali wa wastani. Kwa hiyo anayedai kwamba kila hitilafu ni ya jua amezidisha, na anayesema hatari hii ni ya kwenye karatasi hajaisoma Anik.

Kenya ichukue hatua gani?

Kuhusu elimu yenyewe, nadhani hoja mbili za kuongeza elektroni hazipaswi tena kuwekwa kama wagombea wa kiti kimoja. Kwaya ndiyo inayofanya kazi kubwa katikati ya mkanda, msukumo ndio unaosambaza, na mbegu kutoka mkiani ndizo zinazoamua kama kutakuwa na kazi yoyote. Mahali ambapo elimu yetu bado ni nyembamba ni hasara: ni kiasi gani kinapotelea ukutani na kiasi gani hewani katika dhoruba moja, saa baada ya saa. Pasipo namba hiyo hakuna utabiri wa kuaminika.

Kwa Kenya, Shirika la Anga za Juu lililoundwa mwaka 2017 lina njia mbili. Kutegemea tahadhari za Marekani ni bure na ni haraka. Shirika la nchi hiyo la NOAA hutoa onyo elektroni za zaidi ya elektronivolti milioni mbili zinapopita kizingiti cha chembe 1,000. Lakini vipimo hivyo viko juu ya Amerika na vimeandikwa kwa lugha ya wataalamu, na msomaji wa Kenya hupokea tangazo la mlipuko tu, asiambiwe mkanda umefanya nini baada ya siku nne. Njia ya pili ni kupima wenyewe kwa chombo kidogo katika obiti ya ikweta, kama Explorer 45. Ni ghali na huchukua miaka, na chombo cha kupenya mkanda wa nje kinahitaji ngao nzito zaidi kuliko ya Taifa-1. Faida yake ni kwamba Van Allen Probes zilizimwa mwaka 2019 na hazijapata warithi kamili katika njia ile, kwa hiyo vipimo vya ikweta vingekuwa na wateja duniani kote.

Ningeanza na lililo rahisi. Idara za fizikia zilizopo, ya Chuo Kikuu cha Egerton pale Njoro ikiwemo, zinaweza kusoma data hizi ambazo ni za wazi na kutoa taarifa fupi kwa Kiswahili baada ya kila dhoruba, zikitenganisha redio, GPS, umeme na elektroni, kila moja na siku zake. Kila mkataba wa setilaiti ya Kenya nao utaje kiwango cha elektroni ambacho mitambo lazima istahimili, kikihesabiwa na Mei 2024 ndani yake. Na wanaoendesha vyombo hivyo waziangalie hasa siku ya pili hadi ya tano baada ya kilele cha dhoruba. Upepo wa jua ukiwa bado unazidi kilomita 500 kwa sekunde siku hizo, amri nzito kwa setilaiti zisubiri, hata kama magazeti yamekwisha kuliacha jua na kugeukia habari nyingine.